Horst Tappert: Inspekta Derrick aliyewafanya wauaji waseme, naye akafa bila kusema

Mwezi wa Aprili 2013, zaidi ya miaka minne baada ya kifo cha Horst Tappert, gazeti la Frankfurter Allgemeine la Ujerumani lilitoa habari iliyowashangaza watazamaji wa televisheni katika nchi nyingi. Mwigizaji huyo, aliyejulikana duniani kama Inspekta Derrick, mpelelezi mpole wa mji wa Munich, aliwahi kuwa askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler. Maisha yake yote alikuwa ameeleza vita vyake kwa namna nyingine.

Kwa vijana wa Goma wanaotazama filamu kwenye simu, jina la Derrick huenda halisemi kitu. Wazazi wao waliofuata vipindi vya Kifaransa wanamjua: mwanaume mrefu, macho yenye mifuko chini, koti refu, tai iliyofungwa vizuri, gari la BMW, na msaidizi wake Harry Klein pembeni. Tafsiri ya Kifaransa ilimpa cheo cha inspekta. Kwa Kijerumani alikuwa Oberinspektor, ngazi ya juu zaidi kidogo.

Tappert alizaliwa tarehe 26 Mei 1923 huko Elberfeld, mtaa ambao leo ni sehemu ya mji wa Wuppertal. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Hakuna katika familia aliyekuwa msanii, na kijana mwenyewe alijifunza kazi ya biashara na mahesabu. Vita vikaja, akachukuliwa kama vijana wote wa rika lake. Miaka ya baadaye, alipoulizwa kuhusu kipindi hicho, alijibu kwa ufupi kwamba alikuwa mhudumu wa wagonjwa jeshini, kisha mfungwa wa vita. Na maswali yaliishia hapo.

Aliingia katika sanaa kwa bahati. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Ujerumani ilikuwa vifusi, na yeye alikuwa anatafuta mkate. Jumba la michezo ya kuigiza la mji mdogo wa Stendal lilihitaji karani wa mahesabu, akaenda kuomba nafasi hiyo. Alipoona wenzake wakifanya mazoezi jukwaani, mahesabu yakamtoka kichwani. Alichukua masomo ya uigizaji, akapewa nafasi ya kwanza, na hakurudi tena kwenye madaftari. Kutoka hapo alizunguka miji kadhaa, Göttingen, Kassel, Bonn, hadi alipofika Munich mwaka 1956 katika Kammerspiele, moja ya majumba makubwa ya maigizo nchini humo.

Umaarufu haukumjia kama polisi. Ulimjia kama mwizi. Mwaka 1966 televisheni ya Ujerumani ilionyesha filamu ya sehemu tatu kuhusu wizi mkubwa wa treni uliotokea Uingereza mwaka 1963, na Tappert akaigiza mkuu wa genge, bwana mwenye akili baridi anayepanga kila dakika. Wajerumani walijifungia nyumbani kuitazama. Baada ya hapo alicheza katika filamu kadhaa za upelelezi, nyingine nzuri, nyingine za kusahaulika.

Derrick ilianza tarehe 20 Oktoba 1974 kwenye kituo cha ZDF. Tappert alikuwa na miaka 51, umri ambao waigizaji wengi huanza kupewa nafasi za mababu. Aliendelea kwa miaka 24. Sehemu 281, kila moja karibu saa nzima, na zote ziliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Fritz Wepper, aliyeigiza Harry Klein, alikuwa naye kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mfululizo huo uliuzwa katika nchi zaidi ya 100, kutoka Norway na Italia hadi China, na kwa miaka mingi hakuna kipindi cha Ujerumani kilichosafiri mbali kama hicho.

Ajabu ni kwamba ukikitazama leo, hakuna mengi yanayotokea. Magari hayaruki, risasi ni chache, na Derrick hakimbii. Katika sehemu nyingi za miaka ya mwanzo mtazamaji alionyeshwa muuaji mapema, kama katika Columbo ya Wamarekani. Kwa hiyo swali halikuwa nani ameua. Swali lilikuwa muuaji atavumilia kunyamaza hadi lini. Derrick anakwenda nyumbani kwake, mara nyingi jumba la tajiri lenye bustani, anakaa sebuleni, anauliza jambo dogo, anaondoka. Kesho anarudi. Hapigi mtu, hapandishi sauti. Anamwangalia tu yule mtu kwa macho yake ya huzuni, na polepole dhamiri inaanza kumla mwenye kosa kutoka ndani mpaka anasema mwenyewe.

Mtazamaji wa Goma alikuwa na sababu yake ya kushangaa: polisi anaingia kwa tajiri, anakaa nusu saa, anatoka bila kuomba hata Fanta. Mwandishi wa Kiitalia Umberto Eco alijaribu kueleza kwa nini mtu wa kawaida namna ile anapendwa hivyo, na jibu lake lilikuwa kwamba ni ukawaida huo wenyewe uliowavuta watu. Huenda ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Nchi iliyotoka katika jina la Gestapo ilikuwa imeionyesha dunia polisi Mjerumani asiyetisha, mwenye adabu, anayehuzunishwa na uovu. Kwa majirani wa Ujerumani, waliowahi kuona sare za Kijerumani mitaani mwao, hilo halikuwa jambo dogo. Polisi wa Bavaria wenyewe walimpa Tappert cheo cha heshima cha komiseri.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa Oktoba 1998. Katika hadithi hiyo Derrick anapewa kazi kubwa Europol, polisi ya Ulaya, na anaaga. Tappert alikuwa na miaka 75. Wakati huohuo alitoa kitabu cha maisha yake, na katika kichwa cha kitabu alisema ana maisha mawili: yake na ya Derrick. Aliendelea kwenda Norway, nchi aliyoipenda sana, ambako alikuwa na nyumba ndogo huko Hamarøy, kaskazini kabisa. Alifariki tarehe 13 Desemba 2008 huko Planegg, karibu na Munich, akiwa na miaka 85. Magazeti ya Ulaya yalimlilia kama mzee wa ukoo.

Maisha ya tatu yalikuwa katika kabati. Mtafiti wa elimu ya jamii, Jörg Becker, aliomba taarifa katika ofisi ya Berlin inayotunza kumbukumbu za askari wa zamani wa Ujerumani, na jibu likaja na jina la Tappert. Kwanza alikuwa katika kikosi cha mizinga ya kupiga ndege. Mwezi wa Machi 1943, kabla hajatimiza miaka 20, anaonekana katika orodha ya kikosi cha askari wa miguu cha divisheni ya Totenkopf, jina lenye maana ya fuvu la maiti. Divisheni hiyo ilikuwa imeundwa mwanzoni na walinzi wa kambi za mateso, na majira hayo ilikuwa katika mapigano makali ya Kharkiv, mji ambao leo uko Ukraine.

Karatasi hizo hazisemi kama alijiunga kwa hiari au alisukumwa, wala hazimtaji katika uhalifu wowote. Mwaka 1943 Waffen-SS haikuwa tena ya watu wa kujitolea peke yao. Vijana wengi walichukuliwa na kupangiwa huko. Hata hivyo ZDF ilitangaza kwamba haitarudia tena vipindi vya Derrick, na kituo cha Max cha Uholanzi kikaviondoa pia. Watu wakakumbuka na Reinecker, aliyefariki mwaka 2007: yeye naye wakati wa vita alikuwa mwandishi wa habari za propaganda wa Waffen-SS, ila kwake jambo hilo lilijulikana kabla. Hadithi zote 281 kuhusu dhamiri zilitoka katika mkono huo.

Watu wa Kivu hawahitaji kufafanuliwa sana habari kama hii. Tangu 2003 wapiganaji wa makundi mbalimbali waliingizwa katika jeshi la taifa kwa brassage, na mwaka 2007 kwa mixage hapa Kivu Kaskazini. Walibadilisha sare, na wengi hawakuulizwa walifanya nini walipovaa ile ya kwanza. Wengine waliingia vitani wakiwa wadogo kuliko Tappert. Ni vigumu kumhukumu mtu wa miaka 19 ukiwa umekaa mbali na mstari wa moto, na kosa la Tappert, kama ni kosa, haliko zaidi Kharkiv. Liko katika miaka 60 iliyofuata, ambapo alikuwa na sauti, pesa, heshima, na kila mwandishi wa habari tayari kumsikiliza.

Mfano ulikuwepo. Mwaka 2006 mwandishi Günter Grass, mshindi wa tuzo ya Nobel, aliandika mwenyewe kwamba alikuwa Waffen-SS akiwa na miaka 17. Alitukanwa sana kwa kuchelewa, na Ujerumani nzima ilijadili jambo hilo kwa miezi. Tappert alikuwa bado hai, na alikuwa na miaka miwili zaidi. Hakusema kitu.

Fritz Wepper aliendelea kuigiza katika vipindi vingine na alifariki Machi 2024, akiwa na miaka 82. Sehemu 281 za Derrick bado zinauzwa katika diski, na wazee wa Ulaya bado wanazinunua.