Abdur-Rahman as-Sufi, Mchoraji wa Mbingu ya Usiku

Ndugu Waislamu, wiki hii tunamtaja mwanachuoni ambaye jina lake limekuwa geni majumbani mwetu, ilhali shimo moja la mwezini limepewa jina lake. Naye ni Abul-Husayn Abdur-Rahman as-Sufi, aliyezaliwa mjini Rayy, nchi ya Uajemi, mwaka 291 Hijria (903 Miladia).

Alimtumikia mtawala Adud ad-Dawla. Katika zama zile walikuwapo waliojiita wajuzi wa nyota, nao wakinakili tu vitabu na tufe zilizochorwa na wasiozijua nyota, pasi na kuinua macho juu. Jambo hili lilimkera. Akaichukua orodha ya Ptolemy wa Iskandariya, akaipitia nyota moja baada ya nyingine, akasahihisha viwango vya mwangaza. Mwaka 964 kikatoka kitabu chake cha maumbo ya nyota zisizohama.

Humo mna makundi 48, na kila kundi amelichora mara mbili. Kwa nini mara mbili? Tufe hutazamwa kwa nje, lakini sisi tumo ndani ya mbingu, hivyo kulia kwa tufe huwa kushoto kwa mtazamaji aliyeko ardhini. Msafiri anayetafuta njia au kibla usiku kwa mchoro wa tufe peke yake angepotea. Hata leo, wanaotengeneza filamu za katuni zenye mbingu ya usiku hawana budi kuliamua jambo hilo hilo, la sivyo nyota zao hugeuka kama sura katika kioo.

Pembeni ya maumbo ya Kiyunani aliyaweka majina ya Waarabu wa jangwani, kama Thurayya, ambayo sisi wa pwani twaiita Kilimia. Aliandika pia juu ya kijiwingu kidogo karibu na kinywa cha umbo la samaki. Leo yajulikana kuwa hicho ni galaksi ya Andromeda, iliyo mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru milioni 2.5. Naye hakuwa na darubini!

Alifariki Shiraz mwaka 376 Hijria (986), Mwenyezi Mungu amrehemu. Tufe la fedha alilomtengenezea Adud ad-Dawla lilionekana katika maktaba ya Kairo mwaka 1043. Uzito wake ulikuwa dirham 3,000, na lilikuwa limenunuliwa kwa dinari 3,000.