Mhasibu Aliyeufuata Mwanga

Majirani zetu wanaofika jioni za bhajani wamewahi kutuuliza kwa nini tabla hutoa sauti inayokaribia kuimba, ilhali ngoma nyingine nyingi hutoa mshindo tu. Mwaka 1920 swali hilo lilishughulikiwa na mtu ambaye tumeona vema kumkumbuka katika kitabu hiki cha maadhimisho, marehemu Chandrasekhara Venkata Raman. Alionyesha kwamba ile duara nyeusi iliyopakwa katikati ya ngozi ndiyo inayozipanga sauti zake zipatane. Hata hivyo, dunia inamjua kwa jambo jingine, nalo ni mwanga.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa India, baba yake akiwa mwalimu. Alipata shahada yake ya kwanza mjini Madras mwaka 1904, katika umri ambao vijana wetu huwa bado wamo kidato cha pili au cha tatu. Walimu wake walitaka aende Uingereza, lakini daktari wa serikali akasema mwili wake hautaistahimili baridi ya huko. Nyumbani nafasi za sayansi kwa Mhindi zilikuwa haba. Basi akafanya mtihani wa Idara ya Fedha, na mwaka 1907 akapelekwa Calcutta, pamoja na mkewe Lokasundari, kuwa Mhasibu Mkuu Msaidizi.

Hapo ndipo wengi wetu tungekomea. Sisi tuliotoka sekondari tukaingia moja kwa moja nyuma ya kaunta twaujua uzito wa daftari la hesabu. Likishafungwa jioni, mtu hutaka kula na kulala. Raman alikuwa akipita kwa tramu alipoona kibao cha Chama cha Kustawisha Sayansi cha India, katika mtaa wa Bowbazar. Akashuka, akabisha hodi. Chama kiliasisiwa mwaka 1876 na maabara ilikuwapo, bali watumiaji walikuwa wachache. Aliyemfungulia mlango, Ashutosh Dey, alikuja kuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Tangu hapo, isipokuwa alipohamishiwa Rangoon na Nagpur, Raman alifanya utafiti alfajiri kabla ya ofisi, na tena jioni hadi usiku. Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa uprofesa wa fizikia, naye akaiacha Idara ya Fedha kwa mshahara wa karibu nusu. Twakiri kwamba mwana wetu angetuletea habari ya namna hiyo mezani, tusingemjibu kwa upole.

Mwaka 1921, akirejea kwa meli kutoka Uingereza, aliutazama ubuluu wa bahari ya Mediterania. Wakati huo ilisadikiwa kwamba bahari huakisi tu rangi ya mbingu. Kwa kipande kidogo cha kioo cha kuchuja mwanga aliuondoa mwako wa mbingu juu ya maji, na ubuluu ukabaki. Maji yenyewe ndiyo yaliyoutawanya mwanga.

Alirudi Calcutta kuchunguza vimiminika, kimoja baada ya kingine. Mwanga wa jua ulikusanywa kwa darubini, ukapitishwa katika chujio lililoruhusu rangi ya zambarau tu, kisha katika chupa ya kimiminika safi. Upande wa pili liliwekwa chujio la kijani, ambalo lilipaswa kuuzuia mwanga wote. Lakini jicho liliona mng'ao hafifu: sehemu ndogo ya mwanga ilikuwa imebadili rangi. Tarehe 28 Februari 1928 jambo hilo lilithibitishwa kwa spektroskopu. Vifaa vyote, inasemekana, vilikuwa vya rupia mia chache.

Maana yake ni hii. Mwanga unapogonga molekuli, katika chembe milioni 10 zinazotawanyika pengine moja tu huiachia molekuli nguvu kidogo, au hupokea kidogo kutoka kwake, na hivyo hubadili rangi. Kiasi cha badiliko hilo hutofautiana kwa kila kitu, kama alama za vidole.

Raman alitunukiwa Nobeli mwaka 1930, Mwasia wa kwanza kuipata katika sayansi, naye aliipata peke yake. K. S. Krishnan, mwanafunzi wake aliyeketi gizani siku baada ya siku akichungulia mng'ao ule, hakutajwa. Wala Landsberg na Mandelstam, walioliona jambo lilo hilo mjini Moscow wakati ule ule, hawakutajwa. Kwa maoni yetu hesabu hiyo haikufungwa sawasawa.

Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa ya taabu, kwani picha moja ilihitaji saa nyingi. Leza ilipobuniwa mwaka 1960 mambo yakageuka. Leo kuna kifaa cha kushika mkononi kinachoitambua dawa ndani ya chupa bila kuifungua, na wapimaji wa vito hutumia njia hiyo hiyo kutenga jiwe la kweli na kioo. Chombo cha Perseverance, kilichotua Mirihi Februari 2021, kimebeba kipimo cha namna hiyo.

Raman mwenyewe alihamia Bangalore mwaka 1933 kuongoza Taasisi ya Sayansi ya India. Alikuwa na ulimi mkali. Migogoro ikazidi, na mwaka 1937 akauacha uongozi. Mwaka 1948 alifungua taasisi yake mwenyewe, akakusanya humo almasi nyingi na kuzichunguza hadi uzeeni. Alifariki tarehe 21 Novemba 1970. Mwili wake ulichomwa katika bustani ya taasisi hiyo, na mahali pale pakapandwa mti.