Wild Bill Hickok: Aliyewavua Wenziwe Bastola

Babu yangu mzaa mama alikuwa na msumari mkubwa nyuma ya mlango wa nyumba yake. Mgeni akitoka porini na gobori lake begani, kwanza alilitundika pale msumarini, ndipo akakaribishwa jamvini, akaletewa kahawa na tende. Hapana aliyeona haya, wala hapana aliyekasirika. Gobori lilikuwa la mgeni, lakini nyumba ilikuwa ya babu.

Huukumbuka msumari ule kila nisomapo habari za James Butler Hickok, yule Mmarekani aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Wild Bill. Tulipokuwa vijana hapa Mombasa tulitoa senti zetu tukaenda sinema kutazama watu wa mfano wake: kofia pana, bastola mbili kiunoni, na adui ameanguka kabla hajaichomoa yake. Jambo moja sinema hazikutwambia. Kazi iliyomvunja moyo Hickok ilikuwa kuwakataza watu wasitembee na bastola mjini.

Alizaliwa tarehe 27 Mei, 1837, katika jimbo la Illinois, mwana wa mkulima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, alitumikia upande wa Kaskazini, akawa mpelelezi wa njia. Vita vilipokwisha mwaka 1865, alikuwa Springfield, mji wa Missouri, akiishi kwa kucheza karata. Hapo akagombana na mwenziwe, Davis Tutt, kwa ajili ya deni la kamari na saa ya mfukoni ambayo Tutt aliichukua kuwa rehani. Tarehe 21 Julai walikabiliana katika uwanja wa mji, mchana kweupe, wakiwa mbali kwa mbali kiasi cha hatua sabini na tano. Tutt akaanguka. Hickok akashtakiwa, na wazee wa baraza wakamwachilia.

Mwaka 1867 gazeti kubwa la Marekani, Harper's, likaandika habari zake na kuzitia chumvi nyingi. Toka siku hiyo hakuwa tena mtu tu, akawa hadithi. Na mtu akishageuka hadithi hana raha, kwani kila kijana mwenye bastola hutaka kuijaribu.

Mwezi wa Aprili 1871 mji wa Abilene, jimboni Kansas, ukamwajiri awe mkuu wa usalama kwa mshahara wa dola 150 kwa mwezi. Abilene ulikuwa soko la ng'ombe. Wachungaji walitoka Texas na makundi makubwa, safari ya miezi, wakawafikisha penye reli, wakalipwa, kisha wakaingia vilabuni na fedha mfukoni na bastola kiunoni. Msomaji aweza kukisia yaliyofuata. Mji ulikuwa umekwisha kutunga sheria mwaka 1870 kwamba asionekane mtu na silaha ndani ya mipaka yake. Mkuu wa kwanza aliyeisimamia kwa nguvu, Tom Smith, alipenda kutumia ngumi kuliko risasi. Aliuawa mwezi wa Novemba mwaka huo huo, alipokwenda shambani kumkamata mkulima aliyemuua jirani yake.

Basi Hickok akakaa mahali pa Smith. Sheria ilikataza bastola, na yeye aliyeisimamia alibeba mbili, vipini vyake vya pembe, hadharani, kila mtu azione. Hapo ndipo penye fundo la maisha yake. Watu wa Texas waliona kwamba bastola ni mali ya mtu, na mali ya mtu haivuliwi na mwingine. Watu wa mji waliona kwamba barabara ni ya wote, na maduka na nyumba ni zao, nao wana haki ya kulala bila ya risasi kupenya ukutani. Kila upande ulisema haki, na kila upande ulisema haki yangu.

Kulikuwa na kilabu kikiitwa Bull's Head, mali ya Ben Thompson na Phil Coe, wote wawili watu wa Texas. Inasimuliwa kwamba walichora fahali ukutani kwa nje, wakamchora na uume wake wazi kupita kiasi, hata wenye familia wakalalamika. Wenye kilabu walijibu kuwa ukuta ni wao. Hickok alikuja na bunduki, akasimama pale mpaka fahali akasitiriwa kwa rangi. Tangu hapo pakawa na chuki baina yake na Coe.

Usiku wa tarehe 5 Oktoba, 1871, Coe na kundi la wenziwe walikuwa wakizunguka mjini. Mlio wa bastola ukasikika. Hickok akatoka, akamkuta Coe na bastola mkononi, naye akadai amempiga mbwa. Mara wakapigana risasi kwa karibu sana. Coe akajeruhiwa tumboni, akafa baada ya siku chache. Wakati huo huo mtu mwingine akaja mbio gizani akiwa na silaha. Hickok akageuka, akafyatua. Alikuwa Mike Williams, rafiki yake, aliyekuwa akija kumsaidia.

Bastola haina macho, wala haiulizi aliyeishika ni wa sheria au ni wa ulevini. Hickok hajulikani kuwa alipigana tena na mtu kwa bastola baada ya usiku ule. Mwezi wa Desemba mji ukamwachisha kazi, na mwaka uliofuata ukawaambia wenye ng'ombe wa Texas watafute soko jingine.

Macho yake yakaanza kudhoofu. Akajaribu kuigiza jukwaani pamoja na Buffalo Bill, asiiweze kazi ile. Mwezi wa Machi 1876 alimwoa Agnes Lake, kisha akaenda Deadwood kutafuta dhahabu. Tarehe 2 Agosti alikaa kucheza karata kilabuni, mgongo ameuelekeza mlangoni. Jack McCall akaingia, akampiga risasi ya kichwa kwa nyuma. Umri wake ulikuwa miaka 39.

Wachimba dhahabu walimhukumu McCall wenyewe, wakamwachilia. Lakini hukumu yao ilikuwa bure, maana Deadwood ulikuwa umejengwa katika ardhi ya Wahindi Wekundu wa Lakota, waliyoahidiwa kwa mkataba wa mwaka 1868. McCall akashtakiwa upya mjini Yankton, akanyongwa tarehe 1 Machi, 1877. Watu waliobishana miaka yote juu ya haki ya mwenye mali walikuwa wamekaa juu ya mali ya watu, na mwenyewe hakuulizwa. Sisi wa Pwani, ambao kesi za mashamba tumezirithi kama vikombe vya bibi, hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Mabishano yale hayajesha Marekani. Yako majimbo ambako mtu hutembea na bastola wazi kiunoni, na mwenye duka hubandika tangazo mlangoni kumwomba aiache nje. Wako wanaotii, na wako wanaoona wamedhulumiwa.

Nami hurudi kwenye msumari wa babu. Wageni wake waliutii bila ya mlinzi kusimama karibu yake. Hickok aliajiriwa awe msumari wa mji mzima, na mzigo ule ukamshinda.