Leo Kanner na mtoto anayesikia lakini haitiki

Iwe uko Litapunga au kwingineko Mpanda, huenda una mtoto ambaye ukimwita jina hageuki, lakini mashine ya kusaga ikiwashwa anaziba masikio na kulia. Kama ndivyo, habari za daktari huyu zinakuhusu.

Leo Kanner alizaliwa mwaka 1894 katika eneo ambalo leo ni Ukraine. Alisomea udaktari Berlin, akahamia Marekani mwaka 1924, na mwaka 1930 akaanzisha kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore.

Mwaka 1943 alieleza habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Baadhi walikuwa wamedhaniwa viziwi. Kanner alibaini kwamba wanasikia. Lifti, mashine za umeme, hata maji yanayotiririka viliwatia hofu, ingawa mtoto huyohuyo aliweza kupiga kelele kubwa mwenyewe kwa furaha. Hali hiyo ndiyo leo tunaiita usonji.

Maandishi yake pia yalichangia imani kwamba usonji unatokana na wazazi kukosa upendo. Akina mama wengi walibeba lawama hiyo kwa miaka. Mwaka 1969 alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawaondolea lawama hadharani. Alifariki mwaka 1981.

Baadaye watafiti walianza kupima jinsi ubongo wa watoto hawa unavyoitikia sauti, kwa vifaa vinavyowekwa kichwani bila maumivu. Kwa wengi, ingawa si wote, mwitikio huchelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Sikio linaweza kuwa zima, ubongo ndio ukapata kazi kuipambanua sauti. Hata hivyo, kipimo hicho pekee hakithibitishi usonji.

Ufanye nini? Usimchape ukidhani ni mkaidi. Mpeleke kituo cha afya, akaguliwe masikio na upewe rufaa ya kupima usikivu, kwa kuwa usaha sikioni au uziwi navyo humfanya mtoto asiitike. Kisha omba achunguzwe ukuaji wake.

Nyumbani, msogelee akuone, tumia maneno machache, kisha subiri ajibu. Mpeleke mbali kidogo kabla mashine haijawashwa. Na jirani akisema umemdekeza au amerogwa, usijilaumu. Hukumsababishia.