Omondi: Mshambuliaji aliyeifikisha Uganda fainali

MSHAMBULIAJI Philip Omondi wa KCC ya Kampala, aliyefariki dunia Aprili 1999, ndiye jina kubwa katika ukurasa bora wa soka la Uganda, majirani wa Bukoba na Muleba.

Katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana, Machi 1978, alipachika mabao matatu. Uganda iliitoa Nigeria 2-1, kisha ikafungwa 2-0 na wenyeji katika fainali.

Miezi saba baadaye, majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na furaha ile ikamezwa na vita.

Baadaye Omondi alisakata kabumbu Sharjah, Falme za Kiarabu, kabla ya kurejea KCC, ambako pia alikuwa kocha. Uwanja wa Lugogo ulipewa jina lake.

Uganda haijacheza tena mchezo wa fainali ya kombe hilo.