Mfalme Mmoja, Nchi Mbili: Maisha ya Leopold wa Pili

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitawala nchi mbili kwa wakati mmoja. Ubelgiji aliitawala miaka 44. Kongo aliitawala miaka 23, ingawa hakuikanyaga hata siku moja. Huko Ubelgiji hakuweza kumfunga mtu bila hukumu, wala kutoza kodi kwa neno lake peke yake. Katika Kongo watu wengi mno walikufa kwa ajili ya amri zake. Mtu alikuwa yule yule, na moyo wake ulikuwa ule ule. Basi, ndugu wasomaji, tofauti hiyo ilitoka wapi? Habari za maisha yake zaonyesha jibu.

HATI ZA ZAMANI

Kwanza yafaa kujua jinsi wafalme wa Ulaya walivyowekewa mipaka. Zamani wafalme wengi walidhani ya kuwa neno lao ndilo sheria. Katika Uingereza alikuwako mfalme jina lake John. Huyo alitoza mali nyingi kwa ajili ya vita vyake, akawanyang'anya watu mashamba, akawatia wengine kifungoni bila hukumu. Wakuu wa nchi wakamwasi. Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury, akasimama kati yao na mfalme ili wapatane. Tarehe 15 Juni 1215, katika uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, mfalme akaikubali hati waliyomletea, nayo ikatiwa mhuri wake. Baadaye hati hiyo ikaitwa Hati Kuu.

Mambo yake makubwa yalikuwa matatu. Kwanza, mtu huru asifungwe wala asinyang'anywe mali yake ila kwa hukumu ya halali. Pili, mfalme asiwatoze wakuu mali ya vita bila kufanya shauri nao. Tatu, haki isiuzwe wala isinyimwe. Mfalme John hakukaa miezi mingi kabla ya kuikana hati hiyo. Lakini alipokufa mwaka 1216 ilitolewa tena, na wafalme waliomfuata wakaithibitisha mwaka 1225 na mwaka 1297. Tena haikuwasaidia watu wote mara moja, kwa maana wakulima waliofungwa katika mashamba ya mabwana hawakuhesabiwa kuwa watu huru. Hata hivyo neno moja lilikuwa limekwisha kuandikwa: mfalme naye yuko chini ya sheria. Na kutoka katika yale mashauri ya wakuu likakua, polepole, Baraza la Bunge.

Mambo kama hayo yalitokea pia katika nchi ya Brabant, yenye miji ya Brussels na Louvain, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Mwaka 1312 mtawala wa Brabant alitoa hati ya Kortenberg. Mwaka 1356 watawala wapya wa nchi hiyo waliapa, kabla ya kupokewa mijini, ya kuwa hawatafanya vita bila ya kukubaliwa na wananchi. Mtawala akivunja kiapo, raia waliweza kukataa kumtumikia mpaka arekebishe kosa lake.

MTOTO WA BRABANT

Wabelgiji walijitenga na Uholanzi mwaka 1830. Kabla hawajamweka mfalme, waliandika Katiba, nayo ikakamilika tarehe 7 Februari 1831. Ndipo wakamwita Leopold wa Kwanza, akaapa kuishika Katiba hiyo tarehe 21 Julai 1831. Hivyo katika Ubelgiji sheria ilitangulia, na mfalme akafuata.

Mwana wake Leopold alizaliwa Brussels tarehe 9 Aprili 1835, akabatizwa na kulelewa katika dini Katoliki. Alipokuwa mtoto alipewa cheo cha Mtawala wa Brabant, kile kile cha watawala walioapa zamani. Alikua kijana mrefu, mwenye akili nyingi na maneno machache. Alipenda kusoma ramani na habari za biashara. Alisafiri mpaka Misri, Uhindi na China, akatazama jinsi mataifa mengine yalivyotajirika kwa makoloni. Tangu hapo hamu ya kupata koloni ikamshika, isimwache tena.

Baba yake akafa, naye akaapa mbele ya Bunge tarehe 17 Desemba 1865. Kiapo hicho hakikuwa sherehe tupu. Kwa Katiba, amri ya mfalme haikuwa na nguvu mpaka waziri mmoja aitie sahihi pamoja naye, na waziri huyo aliulizwa habari zake na Bunge. Kodi na matumizi ya serikali vilikubaliwa na Bunge kila mwaka. Mahakimu hawakuamriwa na mfalme. Tena mfalme hakuweza kuwa mkuu wa nchi nyingine bila ruhusa ya Bunge.

Kwa miaka mingi Leopold alitaka sheria mpya ya kuwaandikisha askari, lakini Bunge lilikataa. Alifanya nini? Alinung'unika, akashauri, akangoja. Sheria hiyo aliipata akiwa kitandani pa mauti, mwezi Desemba 1909. Hivyo mfalme mwenye tamaa kubwa na mapenzi makali aliishi ndani ya mpaka wake, na Wabelgiji wakakaa salama.

NCHI ISIYO NA HATI

Wabelgiji wengi hawakutaka koloni. Basi Leopold akaitafuta mwenyewe. Mwaka 1876 aliwaalika Brussels wasafiri na wataalamu wa Afrika, akaunda chama, akatangaza kwamba anataka kukomesha biashara ya watumwa na kueneza elimu. Watu wengi walimsadiki. Kisha akamwajiri Henry Morton Stanley, ambaye tangu mwaka 1879 hadi 1884 alijenga vituo kando ya mto Kongo. Stanley na wenzake waliwapa machifu vitambaa na vitu vya biashara, na machifu wakatia alama katika mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Hizo pia zilikuwa hati. Lakini hati ya Runnymede ilimfunga mwenye nguvu, na mikataba hii iliwafunga wanyonge.

Katika Mkutano wa Berlin, ulioanza Novemba 1884 na kwisha Februari 1885, mataifa makubwa yaliikubali mamlaka yake. Mwezi Aprili 1885 Bunge la Ubelgiji likampa ruhusa ya kuwa mkuu wa dola hiyo mpya, kwa sharti kwamba Ubelgiji yenyewe haimo katika shughuli hiyo. Ikaitwa Dola Huru ya Kongo. Wenyeji waliiita Bula Matari.

Katika dola hiyo Leopold hakuapa mbele ya Bunge lolote. Hapakuwa na katiba. Hapakuwa na waziri wa kuulizwa na wajumbe wa wananchi. Sheria ilikuwa amri yake, iliyoandikwa Brussels na kupelekwa Boma. Tarehe 1 Julai 1885 ilitangazwa kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Lakini msitu wa kuwinda na pori la kulima mwaka ujao si ardhi tupu. Ni urithi wa kijiji. Baadaye, mnamo mwaka 1892, mpira na pembe za ndovu katika ardhi hiyo vikawa vya dola pia. Mtu aliyeuza mpira wa msitu wa babu yake akahesabiwa kuwa mwizi.

MPIRA NA SHABA

Wakati huo magurudumu ya mpira yenye upepo yalikuwa yameanza kutumika Ulaya, na bei ya mpira ikapanda. Kila kijiji cha misituni kikapangiwa uzito wa mpira wa kuleta. Wanaume walikaa msituni siku nyingi wakikata mitambaa na kukinga utomvu. Wasipotimiza kipimo, wake zao walishikwa rehani, vijiji vilichomwa, na wengine walipigwa risasi. Askari walidaiwa kuonyesha mikono ya waliouawa, ili ijulikane kwamba risasi hazikupotezwa. Na wengine waliukata mkono wa mtu aliye hai. Mashamba yakaachwa, njaa ikaingia, na magonjwa yakawamaliza waliodhoofika. Hesabu kamili ya waliokufa haipo, kwa kuwa watu hawakuwa wamehesabiwa kabla.

Katanga nayo ilishikwa kwa nguvu. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, mtawala Msiri aliuawa na afisa wa msafara wa Stairs aliotumwa kwa ajili ya Leopold. Msiri mwenyewe alikuwa mtawala mkali, mfanya biashara ya shaba, pembe na watumwa. Lakini raia zake hawakupewa haki kwa kifo chake, walibadilishiwa bwana tu. Mwaka 1900 utawala wa Katanga ulitiwa katika mikono ya Kamati Maalumu, ambamo watu wa dola na watu wa kampuni walikaa pamoja. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière ikaanzishwa kwa ajili ya shaba. Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulikua kwa migodi ya kampuni hiyo.

Na faida ilikwenda wapi? Sehemu yake ilijenga majumba na bustani huko Ubelgiji, na lile tao kubwa la Brussels lililozinduliwa mwaka 1905. Bunge halikuona hesabu, kwa sababu halikuwa na haki ya kuziuliza.

VIJITI 110

Habari zikaanza kutoka. Wamisionari waliandika waliyoyaona. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alisafiri misituni mwaka 1903, na taarifa yake ikachapwa mwaka 1904. E. D. Morel, aliyekuwa karani wa kampuni ya meli, aliona kwamba meli zilirudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, lakini zilizokwenda huko zilichukua zaidi askari na risasi. Akatambua ya kuwa hiyo si biashara.

Mfalme akalazimika kutuma Tume ya mahakimu watatu: mmoja Mbelgiji, mmoja Mwitalia, mmoja Mswisi. Mbele yao akaja chifu Lontulu wa Bolima. Akaweka mezani vijiti 110, na kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa watu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Alivipanga mafungu mafungu: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Huyo hakujua kuandika, lakini ushahidi wake ulikuwa hati iliyo wazi. Tume ikaona kwamba mashtaka ni ya kweli, na taarifa yake ikatolewa mwezi Novemba 1905.

Wakatoliki wengi wa Ubelgiji walimtetea mfalme wao, wakidhani kwamba anasingiziwa na Waprotestanti na Waingereza. Lakini mwaka 1906 Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti, mwalimu huko Louvain, alitoa kitabu juu ya jambo la Kongo. Alionyesha kwamba wenyeji wana haki juu ya ardhi yao na juu ya kazi ya mikono yao, na kwamba mfalme hana ruhusa ya kuivunja haki hiyo. Tangu hapo Wakatoliki wengi wakaanza kufikiri upya.

HATI YA MWAKA 1908

Leopold alishindana miaka miwili, halafu akashindwa. Kabla ya kuitoa Kongo aliamuru karatasi za dola zichomwe, na matanuru yakawaka siku nane. Tarehe 18 Oktoba 1908 ikatolewa sheria iliyoitwa Hati ya Koloni, na tarehe 15 Novemba Kongo ikawa mali ya Ubelgiji.

Hati hiyo ilileta Kongo yale yaliyomfunga Leopold katika Ubelgiji. Amri za mfalme zitiwe sahihi na waziri. Hesabu za fedha zikubaliwe na Bunge kila mwaka. Liwepo Baraza la kuzitazama amri. Mtu yeyote asilazimishwe kufanya kazi kwa faida ya kampuni au ya mtu binafsi. Lakini ilikuwa na kasoro kubwa: hakuna Mkongo aliyeulizwa ilipoandikwa, wala aliyepata kuchagua mjumbe wa kuilinda. Kwa hiyo kazi za shuruti hazikwisha. Mwaka 1917 wakulima walilazimishwa kulima mazao ya amri, hasa pamba, hadi siku 60 kwa mwaka.

Leopold alikufa huko Laeken tarehe 17 Desemba 1909, miaka 44 kamili tangu siku ya kiapo chake. Mwana wake wa kiume alikuwa amekufa mtoto, mwaka 1869. Kwa hiyo Albert, mwana wa ndugu yake, akatawala baada yake. Tarehe 30 Juni 2020, Kongo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais wa Kongo kuonyesha majuto yake kwa ukatili wa zamani zile.

MAFUNDISHO

Leopold alikuwa mbatizwa, tena mwenye akili na elimu. Hayo hayakutosha. Ubatizo haumwondolei mtu wajibu wa kutoa hesabu, wamwongezea. Penye mpaka tamaa yake ilizuiwa, na pasipo na mpaka iliwaangamiza watu.

Tena mpaka ulioandikwa na wengine, bila ya kuwauliza wanaotawaliwa, unalinda nusu tu. Ndiyo sababu wananchi wa Kongo waliulizwa kwa kura mwezi Desemba 2005 kabla ya kutangazwa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, iliyompa Rais muda wa miaka 5 na kumruhusu kuchaguliwa tena mara moja tu.

Wahenga husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Neno hilo halihusu wafalme peke yao. Chifu anayegawa mashamba, mtunza fedha za chama, na mzee anayeamua magomvi ya kijiji, kila mmoja ameshika kitu cha wengine. Anayewapenda watu wake haoni aibu akiombwa kuonyesha daftari. Naye anayeomba, akiomba kwa adabu na mbele ya wote, hamkosei heshima mkubwa wake.