Hammer DeRoburt: Mbunge wa Boe aliyeidai ardhi ya Nauru

KATIKA kisiwa cha Nauru, kilichoko Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, ipo wilaya ndogo iitwayo Boe ambayo ni eneo bunge kamili na huchagua wabunge 2. Nchi yenyewe ina ukubwa wa kilomita mraba 21 tu, na mtu aweza kuizunguka kwa miguu kabla ya jua kutua. Hata hivyo, ni kura za wakazi wa Boe zilizompa nguvu Hammer DeRoburt, rais wa kwanza wa taifa hilo, kusimama mbele ya mataifa makubwa na kudai haki ya ardhi ya wazee wake.

DeRoburt alizaliwa Septemba 25, 1922, wakati ambapo watu wa Nauru hawakuwa na usemi juu ya kisiwa chao. Chini ya udongo mlikuwa na fosfeti, madini yatumiwayo kutengenezea mbolea, ambayo yalianza kuchimbwa mnamo 1907 chini ya utawala wa Wajerumani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Uingereza, Australia na New Zealand zilikabidhiwa usimamizi wa kisiwa. Fosfeti ilisafirishwa kurutubisha mashamba ya nchi hizo za mbali, huku wenye ardhi wakilipwa malipo haba.

Kijana huyo alipelekwa Geelong, nchini Australia, kusoma, kisha akarejea nyumbani na kuwa mwalimu. Masomo yake hayakumkinga na balaa la vita. Wajapani walikiteka kisiwa mnamo Agosti 1942, na baadaye wakawahamisha kwa nguvu Wanauru wapatao 1,200 hadi visiwa vya Truk, DeRoburt akiwa miongoni mwao. Njaa, maradhi na kazi za sulubu ziliwaangamiza mamia. Manusura walirudishwa nyumbani Januari 31, 1946, na tarehe hiyo haikusahaulika.

Safari yake ya siasa ilianza Boe. Mnamo 1955 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Serikali ya Mitaa la Nauru, na mwaka uliofuata akawa Chifu Mkuu. Alilikuta baraza hilo likiwa halina meno, kwa kuwa maamuzi yote mazito yalikuwa mikononi mwa msimamizi kutoka Australia. DeRoburt aliligeuza kuwa jukwaa la kudai mambo mawili: uhuru na umiliki wa fosfeti.

Jaribio kubwa lilikuja mapema katika miaka ya 1960. Australia, ikijua kwamba uchimbaji ungekiacha kisiwa kikiwa magofu ya mawe, ilipendekeza wananchi wote wahamie kisiwa cha Curtis, karibu na pwani ya Queensland. Huko wangepewa uraia na makazi, lakini si mamlaka ya kujitawala. Mnamo 1964 DeRoburt na wenzake walilikataa pendekezo hilo. Waliona kwamba wangehama kama taifa na kufika huko wakiwa kijiji tu cha nchi ya wengine.

Uamuzi huo ndio uliofungua njia ya uhuru. Mnamo 1967 yalitiwa sahihi makubaliano ya Nauru kuinunua mitambo ya fosfeti kwa dola milioni 21 za Australia, na mnamo 1970 nchi ikaichukua. Bunge la viti 18 lilichaguliwa Januari 1968, na siku chache baadaye, Januari 31, bendera ya taifa huru ikapandishwa. Siku hiyo ilichaguliwa makusudi, kwani ilitimia miaka 22 tangu manusura wa Truk warejee. Mwezi Mei, wabunge walimchagua DeRoburt kuwa rais.

Hapo ndipo ugumu wa siasa za nchi ndogo ulipodhihirika. Nchini Nauru rais huchaguliwa na wabunge, wala si wananchi moja kwa moja. Kupiga kura ni lazima kwa kila raia aliyetimiza miaka 20, na tangu 1971 mpiga kura huwapanga wagombea wote kwa kuwapa nambari. Chaguo la kwanza huhesabiwa kura nzima, la pili nusu, la tatu theluthi, na kuendelea. Mfumo huo ulibuniwa na Desmond Dowdall, raia wa Ireland aliyekuwa akihudumu katika wizara ya sheria.

Boe haikumtupa DeRoburt. Bungeni, hata hivyo, mbunge mmoja au wawili wakibadili msimamo, serikali huanguka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1976, wabunge walimpa urais Bernard Dowiyogo, aliyekuwa na umri wa miaka 30. DeRoburt alirejea madarakani Mei 1978. Mnamo 1986 alipokezana urais na Kennan Adeang mara mbili katika muda wa miezi minne, na Agosti 1989 akaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye.

Wapinzani wake walikuwa na hoja. Fosfeti iliifanya Nauru kuwa miongoni mwa nchi zenye kipato kikubwa zaidi kwa kila mtu duniani, lakini fedha nyingi zilizamishwa katika shirika la ndege lililopata hasara na katika majumba ya ng'ambo. Mojawapo ni jengo la orofa 52 mjini Melbourne lililofunguliwa 1977. Jengo hilo liliuzwa 2004 nchi ilipolemewa na madeni.

Lakini deni alilolidai DeRoburt mwenyewe lilikuwa la namna nyingine. Serikali yake iliunda tume ya kuchunguza ni nani alipaswa kugharimia ukarabati wa ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru. Mnamo Mei 1989, miezi mitatu kabla ya kung'olewa, Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Australia ilipinga kesi hiyo kusikizwa. Juni 26, 1992, mahakama iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiza.

DeRoburt alifariki mjini Melbourne Julai 15, 1992, akiwa na umri wa miaka 69, majuma matatu tu baada ya uamuzi huo. Mwaka uliofuata Australia ilikubali nje ya mahakama kuilipa Nauru dola milioni 107. Fedha hizo hazikuirudisha ardhi katika hali yake ya awali, na sehemu kubwa ya bara la kisiwa imebaki minara ya mawe isiyolimika. Hata hivyo, watu ambao wangalitawanywa huko Queensland wangali na nchi yao, na Boe ingali ikipeleka wabunge wake 2 bungeni.